Somo: Kumfuata ndugu gerezani tangu siku ya hukumu

Ndugu yangu alipohukumiwa kifungo cha miaka 9, ukoo mzima ulichangishana nauli, tukakaanga kuku wawili na kwenda kumwona, wala hakuna aliyekumbuka kuomba nakala ya hukumu. Kuku tulirudi nao nyumbani, kwa sababu mfungwa hula chakula cha gereza. Somo hili linahusu magereza ya Tanzania Bara, nami naliandika ili wengine wasianze kwa kuku.

Hatua ya kwanza: fahamu kama ndugu yako ni mahabusu au mfungwa. Mahabusu bado anasubiri kesi yake, hivyo jambo la haraka kwake ni dhamana na tarehe ya kutajwa kwa kesi. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa, na kwake saa ya rufaa imeanza kuhesabu.

Hatua ya pili ndiyo familia nyingi huikosa. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa iwasilishwe Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu siku ya hukumu, ingawa siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu haziingizwi katika hesabu hiyo. Mfungwa anaweza kuipitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza, ambaye huifikisha mahakamani. Kazi yenu mlio nje ni kufuatilia nakala hizo masjala ya mahakama, kutunza kivuli cha kila karatasi, na kutafuta wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo.

Hatua ya tatu ni kumtembelea. Ulizeni kwanza langoni siku za kuonana na vitu vinavyoruhusiwa, kwa kuwa utaratibu hutofautiana. Nendeni na kitambulisho, na mfike mapema. Mche wa sabuni niliompelekea ulikatwa vipande vitatu mbele yangu, askari akatazama kila kipande kama fundi anayekagua tofali. Msikasirike, ukaguzi ni kazi yao. Pia pangeni zamu: mtu mmoja kila mwezi ana faida kuliko watu kumi siku ya sikukuu.

Barua nazo husomwa kabla ya kumfikia, kwa hiyo mambo ya ndani ya kesi yazungumzwe na wakili. Mwandikieni habari za kawaida, kama vile mvua, mahindi, na nani ameoa. Ndugu yangu aliniambia kwamba barua aliyoirudia mara nyingi ni ile niliyoeleza jinsi tulivyoezeka upya jiko.

Mwisho, jueni hesabu ya kifungo. Mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja, asiye wa maisha, anaweza kupunguziwa theluthi moja kwa tabia njema, hivyo miaka 9 huweza kuwa 6. Makosa ya nidhamu huweza kumpotezea siku hizo.

Maswali niliyoulizwa

Swali: Siku 45 zimeshapita. Je, ndiyo basi?
Jibu: Hapana. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda iwapo kuna sababu za msingi, na kucheleweshewa nakala ni mojawapo ya zinazotolewa mara kwa mara. Ambatisheni barua mlizoandika kuziomba, zenye mhuri wa kupokelewa.

Swali: Nimepigiwa simu na mtu anayedai kaka yangu ni mgonjwa mahututi gerezani, nitume fedha za dawa. Nifanyeje?
Jibu: Usitume hata shilingi. Nenda gerezani mwenyewe, au mwombe jamaa aliye karibu aulize ofisini.

Swali: Mwanangu wa miaka 7 anaambiwa baba yuko safarini. Nimweleze ukweli?
Jibu: Kwa maoni yangu, ndiyo, kwa maneno machache na kabla hajausikia shuleni. Binti wa ndugu yangu alipoelezwa, alichora nyumba yetu na mbuzi mweusi, akataka mchoro upelekwe. Askari aliugeuza nyuma na mbele, akauliza mbuzi ni wa nani, kisha akaupitisha.