Kuunda baraza la washauri la kituo cha utafiti wa mtangamano wa Ulaya, hatua kwa hatua (soma hasa ile ya viza)

Kijana mmoja wa Mombasa amepata kazi ya uratibu katika kituo cha utafiti wa mtangamano wa Ulaya, yaani jinsi nchi za Ulaya zinavyoungana, huko kaskazini mwa Ujerumani. Wiki yake ya pili tu mkurugenzi akamwambia: tunataka baraza la washauri, wanataaluma wa nje, na likae mwezi wa kumi. Jioni akanipigia. "Shikamoo dada. Hivi baraza linaundwaje?" Tuliongea jioni tatu. Kazi hiyo nimeifanya miaka minane katika kituo kingine, na haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo tu.

Tuelewane kwanza: baraza hili si bodi ya wakurugenzi. Haliajiri, halifukuzi, halipitishi bajeti. Ni watu sita au saba, maprofesa wa vyuo vingine, wanaokuja mara moja kwa mwaka kuangalia tunachotafiti na kutuambia kama kina maana. Mshahara hawapati. Wafadhili hupenda kuliona kwenye andiko la mradi, na vituo vingi huishia hapo hapo: majina kwenye tovuti, picha za kupendeza, basi.

Hatua ya 1: Hadidu za rejea kabla ya majina

Ukurasa mmoja na nusu. Baraza linashauri nini, halishauri nini, linakutana lini, nani anaitisha. Muda wa ujumbe uwe miaka mitatu, ukiongezwa mara moja tu. Nasema mitatu kwa sababu ruzuku nyingi zina umri huo. Ile ya Jean Monnet ya Kituo cha Umahiri, ambayo Umoja wa Ulaya huwapa vyuo, kwa mfano, ni ya miaka mitatu na kikomo chake ni euro 100,000. Usipoweka kikomo cha ujumbe utakuwa na mzee wa heshima ambaye hakuna mwenye ubavu wa kumwambia apumzike.

Weka pia kifungu cha mgongano wa maslahi. Maprofesa hawa hawa ndio huitwa kutathmini maombi ya ruzuku. Aliye kwenye baraza lenu asiguse ombi lenu, na aseme mapema. Sentensi mbili zinatosha.

Hatua ya 2: Kuchagua watu

Mkurugenzi atakuletea orodha ya rafiki zake. Ipokee kwa adabu, kisha chora jedwali: taaluma upande mmoja, majina upande wa pili. Unahitaji mwanasheria anayeijua Mahakama ya Luxembourg, ile ya Umoja wa Ulaya, mtu wa sayansi ya siasa, mchumi aliyeishi na suala la euro, na mwanahistoria. Wa mwisho huyu watu humsahau, lakini ndiye atakayewaambia vijana wenu waende Florence, kwenye Nyaraka za Kihistoria za Umoja wa Ulaya pale Villa Salviati, wasome karatasi zenyewe badala ya kunukuu walionukuu.

Balozi mstaafu au mbunge, mimi simweki. Wanajua mengi, lakini wakianza hadithi za Brussels kikao kimekwisha. Waalike kutoa mhadhara.

Na umpate mmoja kutoka nje ya Ulaya. Hapa nina upendeleo na siufichi: mtafute Afrika Mashariki. Ernst Haas, msomi wa sayansi ya siasa, aliandika mwaka 1958 kwamba ushirikiano katika sekta moja huvuta sekta nyingine, hadi nchi zijikute zimeungana. Miaka ya 1960 msomi wa Marekani, Joseph Nye, akaja kwetu kuangalia kama mawazo ya namna hiyo yanasimama nje ya Ulaya. Sisi tulikuwa na reli moja, posta moja, bandari na ndege za pamoja, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ilipofufuliwa, mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mtu aliyesoma muungano uliokufa na kufufuka huuliza maswali ambayo mwenzake wa Bonn au Leuven hayamjii. Kabla ya kura ya Waingereza ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Juni 2016, maswali hayo yalionekana ya kigeni. Siku hizi kila mtu anayaandika kwenye daftari.

Hatua ya 3: Mwaliko

Mkurugenzi apige simu, wewe utume barua siku hiyo hiyo, hadidu zikiwa zimeambatishwa. Usianze na barua pepe.

Hatua ya 4: Tarehe

Zile kura za mtandaoni za kuchagua siku sizitumii tena. Sita wanajibu, wa saba anajibu baada ya wiki tatu na anavuruga yote. Toa tarehe mbili, piga simu, funga. Agosti usimtafute mtu, Ulaya yote iko likizo.

Saa ziandike kwa tarakimu na useme ni za wapi: 10:00, saa za Ujerumani. Ukimwandikia mjumbe wa Dar kwa Kiswahili "saa nne" na kwa Kiingereza ukaweka kumi, umejitafutia balaa. Kumbuka pia Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo Dar iko mbele ya Berlin kwa saa moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi. Kikao cha mwishoni mwa Oktoba ni mtego.

Hatua ya 5: Viza ya mjumbe anayetoka nje

Hii ndiyo iliyonitoa jasho, nitakaa hapa.

Mwaka mmoja mjumbe wetu, profesa kutoka Dar, alifika Jumatatu. Kikao kilikuwa Alhamisi. Katikati akawa na mhadhara Dublin, na viza ya Ireland alikuwa nayo. Jumatano usiku, kwenye dawati la shirika la ndege Dublin, akaambiwa hapandi. Ireland imo ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi zenye viza moja na zisizokaguana mipakani. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja, na alishaitumia Jumatatu. Akanipigia: "Mwanangu, nimefundisha Schengen miaka ishirini." Hakunilaumu, ila kosa lilikuwa langu. Barua yangu ya mwaliko ilisema "kuhudhuria kikao" na tarehe, haikusema neno kuhusu Dublin, na ofisa wa viza alitoa kile kilichoombwa. Nilikesha na simu hadi saa nane usiku, nikiwatafuta watu ambao kwa saa hizo hawapo. Mzee alihudhuria kwa video kutoka chumba cha hoteli, kamera ikimwonyesha kuanzia kipaji cha uso kwenda juu.

Kwa hiyo:

Andika safari yote kwenye barua, hata vipande visivyokuhusu. Kama anatoka nje ya Schengen na kurudi, omba wazi viza ya kuingia mara nyingi, na useme sababu. Usiende kwa ramani ya Umoja wa Ulaya, ni ramani nyingine. Uswisi na Norwei hazimo katika Umoja lakini zimo Schengen. Ireland na Saiprasi ni kinyume chake. Uingereza haimo kokote. Kroatia iliingia Schengen mwanzoni mwa 2023, Bulgaria na Rumania wakakamilisha Januari 2025, kwa hiyo orodha uliyoichapa zamani itupe.

Ombi linakwenda ubalozi wa nchi atakayokaa zaidi au yenye shughuli kuu, si ile ambako ndege inatua kwanza. Mjumbe anayepitia Amsterdam kuja kwenu haombi kwa Waholanzi.

Sheria inaruhusu kuomba tangu miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Hizo 15 zisahau. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na kupata miadi nako kuna foleni yake. Mimi naanza miezi minne kabla. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na ihusu matibabu na kurudishwa nyumbani. Pasi iwe na miezi mitatu zaidi ya siku ya kuondoka Schengen, kurasa mbili tupu, na isiwe na umri wa zaidi ya miaka kumi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kituo ndicho kilipe.

Kisha, viza ikitoka, mwombe akutumie picha ya ile stika siku hiyo hiyo. Soma mistari mitatu. Wa kwanza ni tarehe, kuanzia na mpaka. Wa pili ni idadi ya kuingia: ukiona 01, ni mara moja, ukiona MULT, shusha pumzi. Wa tatu ni siku za kukaa, na siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa. Watu husoma tarehe tu. Viza inaweza kuwa hai wiki tatu na ikakupa siku sita.

Tiketi inunuliwe na kituo, moja kwa moja. Vyuo vya huku hupenda mgeni alipe mwenyewe, alete risiti na vipande vya tiketi, arudishiwe baada ya miezi. Kwa profesa wa hapa ni usumbufu. Kwa anayekuja kutoka Dar au Kampala ni kumkopa mgeni wako. Mhasibu atakwambia haiwezekani. Mwombe akuonyeshe kifungu.

Hatua ya 6: Kabrasha na maswali

Mwaka wa kwanza niliwatumia ripoti ya kurasa 90. Wakaja, wakasema kazi ni nzuri, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Nikadhani baraza limefaulu.

Maprofesa hujibu walichoulizwa. Ukiuliza "mnauonaje mwelekeo wetu?" utapata pongezi. Sasa natuma kurasa nne, faili moja la PDF, siku 14 kabla, na juu kabisa maswali matatu yasiyoweza kujibiwa kwa sifa. Kwa mfano: "Tuna pesa za mtafiti mmoja kwa miaka miwili. Aende kwenye upanuzi, yaani kupokea nchi mpya, maana mazungumzo na Ukraine na Moldova yalifunguliwa Juni 2024, au kwenye bajeti ya Umoja? Kimoja tu." Au: "Mfululizo wetu wa makala una wasomaji wachache. Tuufunge?" Swali zuri ni lile ambalo mkurugenzi analiogopa kidogo. Yeye atataka kulilainisha. Ndiyo maana mimi huandika la kwanza kali kupita kiasi, ili likilainishwa libaki na meno.

Usiwawekee hati ya pamoja mtandaoni wahariri kwa pamoja. Nimejaribu. Wawili walisahihisha sarufi yangu, mmoja alifuta aya nzima kwa bahati mbaya, na waliobaki hawakupata neno siri.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mkurugenzi aeleze dakika kumi, kisha anyamaze. Anayeanza kusema ni mjumbe mgeni kuliko wote, maana akianza mkongwe wengine wote watasema "naungana na msemaji aliyetangulia". Weka saa moja ambayo wajumbe wako peke yao na watafiti vijana, wakubwa wa kituo wakiwa nje. Humo ndimo tulimojua kwamba vijana wetu wawili walikuwa wanaandika sura ile ile bila kuambiana.

Hatua ya 8: Baada ya kikao

Muhtasari usiwe insha. Jedwali la safu tatu: ushauri, jibu la kituo, nani na lini. Kituo kina haki ya kukataa ushauri, lakini kikatae kwa maandishi na sababu. Utume ndani ya wiki moja, na ukurasa wa kwanza wa kabrasha la mwaka ujao uwe jedwali hilo hilo, likiwa limejazwa.

Jana usiku kijana wangu wa Mombasa amenitumia picha ya stika ya mjumbe wake wa Nairobi. MULT, siku kumi. Nimemuuliza maswali matatu yako wapi. Ameniambia mkurugenzi bado anayapitia.