Kukagua fataki, baruti na maganda ya jeshi kabla ya kujaza risasi upya

Nchini Marekani, ambako sheria ya taifa inamruhusu mlenga shabaha au mwindaji kujaza upya risasi za matumizi yake mwenyewe, yaani kulitia ganda lililokwisha kupigwa fataki, baruti na kichwa kipya, vifaa vilivyozidi mahitaji ya jeshi huuzwa kwa bei inayovutia: maganda yaliyokwisha kupigwa, vichwa vilivyong'olewa kwenye risasi zilizovunjwa, fataki za miaka mingi (fataki hapa ni kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) na, mara nyingine, baruti iliyomo ndani ya kopo lisilo na lebo. Maelezo haya yanamlenga msomaji aishiye huko ambaye tayari anazijua hatua za kawaida za kazi hii. Aliyeko Kenya au Tanzania asiyachukue kuwa ruhusa, kwa kuwa sheria za silaha za nchi hizo hazimwachii mtu binafsi kutengeneza risasi nyumbani bila leseni.

Vifaa hivi kwa kawaida havikutengenezwa vibaya. Shida ni kwamba vimetengana na kumbukumbu zake: kiwandani kila fungu lilikuwa na namba, tarehe na matokeo ya kupimwa shinikizo, lakini vinapofika sokoni ndani ya mfuko wa plastiki mambo hayo yote yamekwisha kupotea. Kabla ya kulipa, basi, mtake muuzaji akuonyeshe kifungashio cha asili.

Baruti ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua kutoka serikalini baruti ya 4895, iliyokuwa ikitumika katika risasi za bunduki za jeshi za kipimo cha .30-06, akawauzia wajazaji, na biashara yake ikakua kutoka hapo. Wapo wanaoitaja habari hiyo kama ushahidi kwamba baruti ya jeshi haina neno, lakini wanasahau kwamba aina ya baruti ile ilijulikana wazi. Baruti inayouzwa madukani leo huchanganywa mpaka kasi yake ya kuungua ikaribiane sana na ya mafungu yaliyotangulia, ndiyo maana unaweza kukiamini kitabu cha vipimo. Kiwanda kinachojaza risasi za jeshi hakihitaji usawa huo, kwa sababu hupima kila fungu na kurekebisha kiasi cha baruti kwa kulifuata fungu lenyewe. Baruti ya jeshi ya WC 844 inafanana na ya madukani iitwayo H335, na WC 846 inafanana na BL-C(2), lakini kufanana huko hakukupi haki ya kuhamisha vipimo vya moja kwenda kwa nyingine.

Kwa hiyo, baruti isiyo na jina na namba ya fungu isitumike kabisa, hata kama rangi na umbo la punje zake vinafanana na vya baruti unayoijua. Yenye kumbukumbu kamili ianzwe kwa kiwango cha chini kabisa kilichotolewa kwa ajili ya fungu hilo, kisha ipandishwe kidogo kidogo huku ukiangalia dalili za shinikizo kubwa: fataki iliyobapika, bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) inayofunguka kwa shida, au alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Fungu likibadilika, anza upya, na usichanganye mafungu mawili. Maoni yangu ni kwamba anayeanza kazi hii aiache baruti ya jeshi moja kwa moja, kwani akiba anayoipata haifikii hata bei ya mtutu mmoja.

Baruti pia huoza. Nitroselulosi iliyomo huvunjika polepole na kutoa tindikali, na kemikali ya kuituliza iliyowekwa kiwandani hupungua kadiri miaka inavyopita. Baruti nzima hunukia kama kiyeyusho cha rangi, ilhali iliyooza hutoa harufu kali inayochoma pua, na unaweza kuona vumbi au moshi wa rangi ya kahawia nyekundu, pamoja na kutu ndani ya kopo. Ikifikia hali hiyo inaweza kujiwasha yenyewe, kwa hiyo itoe nje mbali na majengo kisha uwaulize zimamoto wa eneo lako namna ya kuiteketeza.

Kuhusu fataki, jua kwanza kama ni za aina ya Boxer au Berdan. Aina hizi zina majina ya wabunifu wake: Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshikamana na fataki ya Boxer. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na la Berdan kwa kawaida lina mawili pembeni, ambayo yatavunja pini ya kung'olea fataki. Mulika ndani kwa tochi kwanza. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo huacha chumvi ndani ya mtutu, na mkazi wa pwani hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula chuma. Mafuta hayaiondoi, suuza kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha, ndipo upake mafuta.

Maganda ya jeshi mengi yana fataki iliyokazwa kwa kuminywa ukingo, na ukingo huo lazima uondolewe, la sivyo fataki mpya itakwama au itapondeka inaposukumwa. Maganda ya 7.62 ya NATO mara nyingi ni mazito kuliko ya kiraia ya .308, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo na shinikizo hupanda kwa kiasi kilekile cha baruti. Yaliyopigwa kwa bombomu huwa yamevutika sana: ingiza waya uliopindwa ncha, uburute ndani juu kidogo ya kitako, na ukihisi mfereji, yaani mahali ganda linapokaribia kukatika, lipondeponde ganda hilo usije ukalisahau mezani.

Vichwa vilivyong'olewa vipimwe uzito na kipenyo kimoja kimoja. Katika rangi za Kimarekani, ncha nyeusi ni ya kutoboa deraya, nyekundu au ya chungwa huacha mstari wa moto, na buluu huwasha moto. Zote hazifai kwa uwanja wenye nyasi kavu.

Vifaa vyote vikishapita ukaguzi, viweke kwenye vifungashio vya asili. Kiwango cha juu cha NFPA, shirika la Marekani la kuzuia moto, kwa nyumba ni pauni 20 za baruti, yaani kama kilo 9, na fataki 10,000, ingawa sheria za mahali zinaweza kuwa kali zaidi. Fataki zisimiminwe kamwe ndani ya chupa, kwani moja ikilipuka humo zitalipuka zote kwa pamoja.