Ukomo wa bajeti ukishushwa: pa kukata na pa kuacha

Barua ya kushusha ukomo wa bajeti (kiwango cha juu cha fedha ambacho ofisi inaruhusiwa kutumia) ikifika, ofisi nyingi huchukua njia ya mkato: kila idara ipunguze asilimia 10, kikao kifungwe. Hakuna anayegombana na mtu. Ila ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Tuseme fungu la mkoa (sehemu yake yenye namba katika bajeti ya Serikali), liwe 70 la Arusha au 75 la Kilimanjaro, lina shilingi bilioni 10 (tarakimu ni za mfano tu). Mishahara ni bilioni 6, mikataba iliyokwisha kusainiwa bilioni 1.6, madeni ya wazabuni na watumishi milioni 400. Zinabaki bilioni 2. Ukitakiwa kurudisha bilioni 1, kwenye barua hiyo ni asilimia 10. Kwenye fedha unazoweza kuzigusa ni nusu nzima. Kwa hiyo anza kwa kuitafuta hiyo bilioni 2 yako. Toa kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, orodha ya ahadi zote ambazo hazijalipwa, kisha gawa kasma zako (vifungu vya matumizi) katika makundi matatu.

La kwanza ni zisizoguswa: mishahara na kazi iliyokwisha kufanyika. Deni la Taifa liko Fungu 22, si lako, lakini hulipwa mwanzo kutoka Mfuko Mkuu, ndiyo maana mkanda unabanwa kwenye mafungu mengine.

La pili ndilo linalodanganya wengi: zinazokatika kwenye karatasi tu. Ukipunguza kasma ya maji kwa asilimia 30, bomba halijui. Ankara ya mamlaka ya maji, AUWSA ya Arusha au MUWSA ya Moshi, inakuja ile ile, na mwezi Juni umezalisha deni. Uhamisho wa watumishi ni hivyo hivyo: kusitisha uhamisho kunaokoa fedha, kuhamisha watu bila kuwalipa kunaleta malimbikizo na hoja ya ukaguzi. Kwenye umeme na maji, kata matumizi kwanza (mabomba yanayovuja, taa za usiku, viyoyozi), subiri ankara za miezi miwili, ndipo uguse kasma.

La tatu ni zinazokatika kweli: semina, safari, samani, magari mapya, fulana na shajara. Hapa usione haya.

Semina ipigie hesabu ya siku zote, pamoja na za njiani. Watu 40 kutoka Dodoma kuja Arusha, kikao siku 5 na safari siku 2, kwa posho ya mfano ya 150,000 kwa siku: milioni 42, kabla ya ukumbi, chai na mafuta ya magari. Walete 15 wenye kazi mezani, kikao siku 3: milioni 11.25. Wengine wasikilize kwa video. Wenye hoteli watanung'unika, na wana haki yao, lakini kuujaza mji wageni si kazi ya kasma yako ya mafunzo.

Magari yanakosewa sana. Ofisi yenye magari sita hukata mafuta na matengenezo ya yote sita, halafu baada ya miezi michache mawili yamekufa injini. Egesha mawili, yaliyobaki yapate huduma kamili kila kilomita 5,000. Land Cruiser inayopanda Machame leo na kesho iko vumbini Longido haivumilii oili ya zamani.

Kwenye miradi ya maendeleo kanuni ni fupi: usianze jengo jipya kabla boma (jengo lenye kuta bila paa) halijaezekwa. Boma la darasa lililoachwa kwenye linta kule Kibosho au Marangu likipitiwa na masika, Machi hadi Mei, tofali zinalika na mbao zinaoza. Ukirudi mwaka ujao unalipia ukuta mara mbili. Orodhesha maboma kwa kiasi kilichobaki kukamilisha, siyo kwa ukubwa wa mradi. Linalohitaji milioni 8 kufunguliwa litangulie linalohitaji 60. Kabla ya kumsimamisha mkandarasi, soma kifungu cha riba ya malipo yaliyochelewa na gharama za kuondoa mitambo. Mara nyingine kumaliza ni nafuu.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Punguzo la asilimia 10 likija Januari na nusu ya fedha imeshatumika, unakata asilimia 20 ya kilichobaki. Fanya hesabu kwenye salio, siyo kwenye bajeti iliyopitishwa.

Mwisho andaa jedwali la safu tano: kasma, salio, kiasi kinachokatwa, kazi itakayositishwa, na tarehe ambayo deni litaanza kama umekosea. Mkuu wa idara asiyeweza kujaza safu ya nne bado hajaijua kasma yake, mrudishie karatasi.