Kabla hujamwambia promota "ndiyo": mambo ya kuangalia ukitaka kupigana MMA (mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka) ya kulipwa

Simu huwa haiji wakati umejiandaa. Inakuja jioni umetoka mazoezini, miguu imechoka, meneja anakwambia kuna jamaa kaumia goti, pambano liko siku 12 mbele, mpinzani wa kawaida tu, hela ipo, unasemaje? Na jibu analitaka usiku huohuo maana kuna vijana wengine watatu anaowapigia. Haya yote nayaandika kwa ajili ya hiyo simu, kwa sababu kitu watu wanachokiita maandalizi ya kuwa mpiganaji wa kulipwa, ukikitazama vizuri, ni kufika mahali ambapo unaweza kusema ndiyo ukiwa na sababu, au ukasema hapana bila kuwaza utakula nini.

Wengi wanasema ndiyo kwa sababu ya hadithi. Nate Diaz Machi 2016 alipewa siku 11 tu, akaenda akamkaba nyota Conor McGregor raundi ya pili. Juni ya mwaka huohuo Michael Bisping alipewa siku 17, akamzimisha Luke Rockhold raundi ya kwanza na kuondoka na mkanda wa uzito wa kati wa UFC, lile shirika kubwa la MMA la Marekani. Ni kweli yote. Ila Bisping alikuwa na miaka 37, yuko UFC tangu 2006, na alishapigana na Rockhold huko nyuma akapigwa yeye, kwa hiyo alijua anaenda kukutana na nini. Na Diaz pambano lake lilipelekwa uzito wa kilo 77, hakuwa na habari ya kujikausha maji mwilini ili ashuke kilo. We una nini kati ya hivyo?

Kitu cha kwanza, hesabu umepigana mara ngapi ridhaa. Watu wanaidharau eti haina hela, wakati ndo sehemu pekee unapoweza kupoteza mapambano manne, ukajifunza, na hakuna atakayekuja kuyabandika kwenye rekodi yako ya kulipwa. Ukishavuka, kwa kawaida huwezi kurudi tena nyuma. Sehemu nyingi ridhaa wanapigana raundi za dakika 3 na viwiko haviruhusiwi. Kwenye kulipwa raundi ni dakika 5 mara tatu, na kama ni la mkanda mara tano, viwiko ruksa, na glavu ni za aunsi 4 wakati bondia anavaa za 8 au 10. Dakika mbili za kuongezea ukizisoma hapa unaona ni kidogo. Nenda jimu mwambie mwenzio mzito akulalie kifuani kwenye dakika ya nne, amekubana kichwa kwenye wavu wa ulingo, jasho lake linakudondokea machoni, alafu jaribu kutoka. Utanitafuta.

Na hapo uwe mkweli na pengo lako. Kama umetokea kwenye ngumi au mateke usijisumbue kwanza na jinsi ya kumwangusha mtu, jiulize ukiangushwa wewe unaweza kusimama tena. Hilo tu. Na usimpime mtu wa jimu yenu aliyekuzoea, mtafute mtu wa mieleka hasa, akuangushe mara kumi, uhesabu umesimama ngapi. Mbona hili fundisho lipo tangu UFC ya kwanza kabisa, Novemba 1993 pale Denver, Royce Gracie, mtu wa jiu-jitsu, mchezo wa kubana na kukaba chini, akawalazimisha watu watatu kusalimu amri usiku mmoja wakati yeye ndo alikuwa haonekani kama mpiganaji, na bado kila mwaka wanatokea vijana wenye mkono mzito wanaoamini pambano litabaki wima kwa sababu wao wanataka libaki wima.

Sasa uzito. Hapa nitakaa kidogo maana uzito unaua, na sisemi kwa mafumbo. Desemba 2015 Yang Jian Bing, kijana wa miaka 21, alifariki Manila akiwa kwenye kukata uzito, yaani kujikausha ili afikie kilo za mizani, kwa ajili ya pambano la ONE Championship, shirika la MMA la Asia, ulingoni hata hakufika. Baada ya hapo ONE wakabadilisha utaratibu, wakaanza kupima mpaka mkojo kuona kama mtu ana maji mwilini. Kwingine kwingi mambo ni yaleyale, unapanda mizani siku moja kabla, alafu una kama siku nzima na kidogo ya kujirudisha.

Mimi pambano langu la tatu la ridhaa nilibakiza kilo 2 usiku wa kuamkia mizani. Nimevaa koti la plastiki, nimejifungia bafuni, maji ya moto yanatiririka, mvuke mpaka kioo hakionekani, na kufika saa nane usiku jasho likagoma. Yaani unaruka palepale ulipo na ngozi imekauka. Nikawa natema mate kwenye chupa ili zipungue hata gramu, na mate yenyewe hayaji, ulimi umenata juu kama umelamba gundi. Asubuhi nikapita, chini ya kiwango kwa gramu mia moja, watu wa kona yangu wakashangilia kama tumeshinda. Kesho yake raundi ya pili nikauona mkono wa jamaa unakuja, niliuona vizuri kabisa, kichwa kikasema toka na miguu haikupata hiyo habari.

Kwa hiyo kabla ya simu ujue namba zako. Jipime kila asubuhi kwa mwezi mzima ukiwa unakula kawaida, hiyo ndo namba yako, sio ile ya siku uliyoumwa tumbo. Madaraja yanaenda hivi kwa kilo: 56.7, 61.2, 65.8, 70.3, 77.1, 83.9, alafu 93 na juu yake uzito wa juu unaoishia 120.2. Mtu anayetembea na kilo 78 kwenda 70.3 ana karibu kilo 8 za kutoa, yaani kama sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ukiwa na wiki nane nyingi utazitoa kwa chakula na ya mwisho kwa maji. Ukiwa na siku 12 karibu zote ni maji, na hapo ndo jibu la meneja linatakiwa liwe "nitafutie kwenye 77". Pambano lisilo la mkanda kwa kawaida unaruhusiwa kuzidi ratili moja, karibu nusu kilo, ukizidi hapo mpinzani anachukua asilimia 20 au 30 ya malipo yako, tena akikubali kupigana. Na usitegemee dripu ya kurudisha maji, kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, kinachozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa kama huna ruhusa ya kitabibu au hujalazwa.

Hapohapo nigusie saplimenti. Kinachokutwa mwilini mwako ni chako, kujitetea kwamba hukujua hakukutoi kwenye kosa, kwa hiyo kila kopo unalotumia piga picha namba ya toleo na utunze risiti, na zile poda zisizo na lebo anazogawa mtu jimu achana nazo kabisa.

Vipimo vifanye kabla hujavihitaji. Utadaiwa damu ya HIV na homa ya ini B na C, macho, mara nyingi na picha ya ubongo, wanawake na kipimo cha mimba. Majibu yana muda wake yanaisha, hivyo weka faili moja lenye tarehe, kila ukipigiwa simu ujue kipi kinakaribia kuisha. Macho usiyachukulie poa. Bisping huyohuyo aliumizwa jicho mwaka 2013, retina ikaachia, na mkanda ule wa 2016 aliuchukua akiona kwa jicho moja. Watu wanaisimulia kama ushujaa, mi naisikia kama bei.

Kichwa nacho kina hesabu yake, na hesabu hiyo haianzi siku ya pambano. Kuna majimu Jumamosi ni siku ya sparingi (kupigana kwa mazoezi) ya kuuana, watu wanazimishana na kucheka, alafu Jumatatu wanarudi. Muulize kocha swali moja tu kabla hujajiunga: mtu akipigwa akayumba hapa mnafanyaje? Akijibu kwamba anapumzika dakika mbili anaendelea, beba begi lako. Max Holloway, bingwa wa zamani wa UFC, alisema wazi kwamba hakufanya sparingi kujiandaa na Calvin Kattar, na Januari 2021 akaingia akampiga mapigo 445 ya maana yaliyompata kwenye raundi tano, rekodi ya UFC. Simaanishi anayeanza asifanye, anayeanza anahitaji kuzoea kupigwa, ila iwe kwa kipimo. Na ukipigwa nokauti daktari akakufungia siku 30 au 60, hizo siku ni za jimu pia, sio za pambano tu.

Tukija kwenye hela, chukua karatasi. Malipo ya kawaida yanakuja mawili, ya kupanda na ya kushinda. Tuseme 100 ya kupanda na 100 ya kushinda. Ukipoteza, hata kama ni kwa majaji wawili kwa mmoja na nusu ya ukumbi inazomea, una 100. Meneja anachukua 15, kambi inachukua 10, vipimo kama promota halipi ni wewe, tiketi ya mtu wa pili wa kona mara nyingi ni wewe, kodi inakusubiri, na kabla ya hapo umeishi wiki nane ukila vizuri bila kufanya kazi. Watu wengi kwenye mapambano yao ya mwanzo wanarudi nyumbani na deni na uso umevimba. Halafu baada ya pambano unaweza kukaa miezi sita hujaitwa. Ndo maana mi nasema usiache kazi. Stipe Miocic alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa UFC na bado alikuwa anakwenda zamu zake za zimamoto. Kama bingwa hakuona aibu, we mwenye rekodi ya kushinda mawili na kupoteza moja unamfichia nani? Akiba ya miezi sita ndo inayokupa mdomo wa kusema hapana.

Mkataba usome na wakili, usimwachie meneja akusomee, maana yeye analipwa ukisaini. Tafuta haya: mapambano mangapi ndani ya muda gani, unaruhusiwa kupigana kwingine au hapana, ukikataa pambano au ukiumia muda unasimama au unaendelea kuhesabu, ukishika mkanda unarefushiwa bila kuulizwa, na bima inaanzia wapi, kwenye ulingo au na mazoezini, kwa sababu magoti yanakatikia mazoezini zaidi. Francis Ngannou ndo mfano wangu siku zote. Katoka kuchimba mchanga Kamerun, kafika Paris 2013 hana pa kulala, miaka minane baadaye ni bingwa wa uzito wa juu. Ila kilichonifundisha ni cha baadaye: Januari 2022 alitetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane goti likiwa limechanika, akashinda kwa pointi kwa kumwangusha chini, alafu badala ya kusaini tena akasubiri muda upite, Januari 2023 akaondoka huru, Oktoba akawa kwenye ulingo wa ngumi na bondia Tyson Fury. Huwezi kusubiri kama hujui mkataba wako unaisha lini. Na wapo wapiganaji waliofungua kesi Marekani mwaka 2014 kuhusu namna UFC ilivyowabana, ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 375, ila muda uliopita hapo katikati ni miaka kumi, na mpiganaji kazi yake yote mara nyingi haifiki kumi.

Madogo madogo. Ngozi: oga papo hapo ukitoka kwenye mkeka, kucha fupi, nguo za mazoezi zisirudi begini zikiwa na jasho, maana mashilingi au jipu moja bovu linafuta pambano, daktari akiliona huingii. Kinga ya meno pima na kuivaa kwenye mazoezi wiki kadhaa, usinunue mpya wiki ya pambano. Kinga ya sehemu za siri hivyohivyo, nimeona mtu anajirekebisha bukta katikati ya raundi na mwenzake hakumsubiri.

La mwisho wengi hawaliwazi kabisa. Kabla ya kusema ndiyo uwe na jina la mtu mmoja atakayelala na wewe nyumba moja usiku ule, na asiwe yule anayetaka kwenda kusherehekea. Kama umepigwa kichwani usiendeshe gari, usinywe pombe, na huyo mtu aambiwe mapema kabisa, ukiwa bado una akili zako, kwamba ukitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, ukianza kuongea maneno yasiyoeleweka au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, hakuna kukuuliza unajisikiaje, ni hospitali moja kwa moja. Maana ukiulizwa utasema uko poa, sisi wote huwa tunasema tuko poa.