Kupima metali zinazotua na vumbi Dar: ndoo ya mjini, ndoo ya shamba

Vumbi linalotua Ubungo au Tazara si udongo mtupu. Matairi huacha zinki, breki huacha shaba, na risasi bado imo. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini metali haiozi; iliyotua kando ya barabara hutimuliwa upya na kila daladala.

Hatua ya 1: Ndoo
Nunua ndoo tatu za plastiki zinazofanana: ya mjini, ya shamba ya kulinganishia, na ya tatu ya kupima uchafu wa kazi yenyewe. Ng'oa mikono ya waya. Osha kwa sabuni, loweka usiku kucha kwa asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa ya maabara. Vaa glavu na miwani, na mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Hatua ya 2: Mahali
Kazi nyingi huharibikia hapa, wala si kwenye mashine ya maabara. Weka ndoo juu ya nguzo ya mbao, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, mbali na miti na mapaa. Bati letu limepakwa zinki. Tone moja la paa linakuvurugia jibu. Kunguru nao watataka kutua ukingoni, hivyo zungushia mshipi wa kuvulia juu ya mdomo wa ndoo.

Ndoo ya shamba wengi huipeleka Kisarawe, kwa kuwa ni karibu. Wakati wa kusi, sawa. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, hewa ya jiji husukumwa hukohuko, na "shamba" lako linakuwa mjini. Miezi hiyo mimi ningekwenda Bagamoyo.

Ndoo ya tatu isafiri na wenzake ikiwa imefunikwa muda wote. Metali utakayoikuta humo imetokana na ndoo, maji au mikono yako.

Hatua ya 3: Siku 30
Acha ndoo zikae siku 30. Lakini Aprili mvua inaweza kupita milimita 200. Kwa mdomo wa kipenyo cha sentimita 20 hizo ni zaidi ya lita 6, basi wakati wa masika kusanya kila baada ya wiki mbili.

Hatua ya 4: Kukusanya
Suuza kuta za ndoo zote tatu kwa kiasi kilekile cha maji, hata kama ni kiangazi na ndani ni kukavu. Pima ujazo wote, tia asidi hadi pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2. Waambie maabara wayeyushe vumbi, wasilichuje: risasi nyingi imo kwenye chembe.

Hatua ya 5: Hesabu
Kwanza zidisha mkusanyiko wa kila ndoo (mikrogramu kwa lita) kwa ujazo wake, kisha toa jibu la ndoo ya tatu. Kinachobaki kigawanye kwa eneo la mdomo na siku. Tuseme umepata lita 4 zenye mikrogramu 5 za risasi kwa lita: ni mikrogramu 20, ikiwa ndoo ya tatu haikuwa na kitu. Gawa kwa mita za mraba 0.0314, kisha kwa 30. Unapata takriban mikrogramu 21 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwa kipimo hichohicho, Ujerumani huweka kikomo cha 100 kwa risasi, lakini 2 tu kwa kadimi, kwa hiyo usizijumlishe metali pamoja.