Kuusoma mnanasi kwa kisu na lenzi

Kazi yangu ni kuchora mimea. Nanasi la kwanza nililochora liliharibika kwa sababu moja: sikuhesabu. Nilichora macho yake kama matundu ya wavu, majani ya kichwani nikayatupia kama manyoya, kisha nikatia rangi. Kwa mbali mchoro ulipendeza, ila halikuwa nanasi. Nilipourudia nilikaa na tunda moja siku mbili, nikiwa na kisu, lenzi ya kukuza mara kumi na daftari. Nilipoinuka nilikuwa nimeelewa kwa nini mmea huu uko kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Ananas na si jenasi nyingine. Njia niliyoipitia siku zile ndiyo ninayoieleza hapa.

Tafuta nanasi moja lenye taji lake, yaani kile kishungi cha majani cha juu, na ukiweza upate pia mmea mzima wenye shina na mizizi. Kiswahili kimeshakusaidia nusu ya kazi: mnanasi ni mmea, nanasi ni tunda. Makosa mengi ya utambuzi hutokea pale mtu anapolitazama nanasi akausahau mnanasi.

Anza na jani

Vunja jani moja tangu kitakoni kwake, uligeuze upande wa chini. Utaona weupe kama unga. Ukwangue kidogo kwa ukucha, kisha uuweke chini ya lenzi. Huo si unga. Ni magamba madogo mno, mengi, yaliyopangana. Magamba haya ndiyo alama ya familia nzima ya Bromeliaceae, na katika spishi nyingi za familia hiyo hutumika kunywea maji. Mkonge, ambao watu huufananisha na mnanasi kwa mbali, hauna magamba hayo. Jani lake lina nta, na ncha yake ni mwiba mmoja mnene wa kuchoma. Mshubiri nao una utomvu mzito ndani ya jani nene. Mkadi una majani yenye miiba na tunda linalofanana kidogo na nanasi, lakini ni mti wenye mizizi ya kujiegemeza, na majani yake hujipanga katika safu tatu zinazojisokota. Ukikosa magamba, acha. Hauko kwenye familia hii.

Familia yenyewe ina spishi zaidi ya 3,000, na ndugu zake katika oda (kundi la familia) ya Poales ni pamoja na nyasi, mpunga na mahindi. Takriban zote ni za Amerika. Moja tu, Pitcairnia feliciana, huota porini Afrika, kwenye miamba ya Guinea. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliacha kalamu nikatazama ramani kwa muda mrefu.

Sasa pitisha kidole ukingoni mwa jani kwa uangalifu. Miiba ya ukingoni ni dalili kwamba huenda uko kwenye nusufamilia ya Bromelioideae, ambamo ovari (kifuko cha mbegu) hukaa chini ya sehemu nyingine za ua na tunda huwa laini, si kavu la kupasuka. Nusufamilia ya Tillandsioideae ina majani yenye kingo laini, na mbegu zake hupeperushwa kwa nywele kama za pamba.

Hapo kwenye miiba nataka utulie, maana ndipo nilipokosea mimi. Nilikuwa na minanasi miwili: mmoja una miiba jani zima, mwingine una michache tu karibu na ncha. Nikaandika lebo mbili za spishi mbili. Baadaye ule wa majani laini ukatoa chipukizi lenye miiba kutoka kwenye shina lile lile. Miiba katika mnanasi hutawaliwa na jeni chache, na aina ya Smooth Cayenne, maarufu kwa majani laini, hujulikana kwa kurudia miiba mara kwa mara. Kwa hiyo miiba ikuelekeze kwenye nusufamilia, lakini isikuamulie spishi. Mpaka leo nikimwona mtu anatenganisha spishi kwa miiba peke yake, mkono huniwasha kumshika bega.

Hesabu macho

Lilaze nanasi, uchomeke pini kwenye jicho moja la katikati. Kutoka hapo fuata mstari wa macho unaopanda taratibu kuelekea upande mmoja, kisha ule unaopanda kwa ukali kuelekea upande wa pili. Funga uzi wa rangi tofauti kwa kila mwelekeo. Ukizunguka tunda lote, kwa nanasi la ukubwa wa kawaida utapata mistari 8 upande mmoja na 13 upande wa pili, na ukitazama vizuri kuna mistari ya tatu, iliyokaribia kusimama wima, 21. Nanasi dogo huweza kukupa 5, 8 na 13. Hesabu hizo hutokana na jinsi maua yalivyochipuka moja baada ya jingine kuzunguka mhimili, kila moja likikaa pale penye nafasi. Tangu nijue hivyo huanza mchoro kwa mistari, na macho huja mwisho.

Kata

Likate tunda kwa upana, kisu kipite katikati ya macho. Chagua jicho moja tu, ulishughulikie hilo mpaka uchoke. Nje kabisa kuna kijijani kikavu chenye ncha, kimelifunika jicho nusu: hiyo ni braktea, jani dogo lililolilinda ua. Ndani yake kuna sepali (vijijani vya nje vya ua) tatu nene zilizokunjana na kufunga mlango. Zifungue kwa ncha ya kisu, utakuta chumba kidogo. Mle ndani kuna masalia makavu kama nyuzi: stameni sita (viungo vya kiume vya ua) na shina la kiungo cha kike, zimebaki tangu siku ua lilipochanua. Petali zake tatu za zambarau zilikauka baada ya siku moja tu.

Chini ya chumba hicho kuna ovari. Ikate nyembamba, uishike mbele ya mwanga. Utaona vyumba vitatu, na ndani yake nukta nyeupe zilizopangwa, ambazo zingekuwa mbegu. Kati ya vyumba hivyo kuna mifereji ya tezi za nekta. Tatu, tatu, sita, tatu: ndiyo hesabu ya ua la monokotiledoni, yaani mmea ambao mbegu yake huchipua na jani moja, na ukiijua utaikuta tena na tena.

Kila jicho, basi, ni tunda kamili lililotokana na ua moja, na nanasi ni maua mia moja au hata zaidi yaliyoungana. Kinacholiwa si ovari peke yake. Ni pamoja na vitako vya braktea, sepali na mhimili ule mgumu wa katikati.

Mpaka wa jenasi

Hapa ndipo swali lenyewe linapojibiwa. Jenasi za jirani, kama Bromelia na Aechmea, nazo zina ovari ya chini na matunda laini, lakini kila tunda hubaki peke yake. Unaweza kuyachuma moja moja. Katika Ananas matunda yote yameungana na braktea zake na mhimili wake yakawa mwili mmoja. Halafu, kwa kawaida, mhimili haukomi pale maua yalipoishia. Hupenya juu, ukaendelea kutoa majani, ukawa taji. Likate nanasi kwa urefu uuone mhimili ukipita kutoka kikonyo hadi kwenye kishungi bila kukatika. Mchoro mmoja wa mkato huo una thamani kuliko maelezo yangu yote.

Majina nayo yana safari yake, na nitakaowataja ni wataalamu wa mimea. Linnaeus mwaka 1753 aliuweka mnanasi ndani ya Bromelia, jenasi iliyopewa jina la Msweden Olof Bromelius. Mwaka 1754 Philip Miller akautenga kama Ananas, neno lililotoka kwa wasemaji wa lugha za Kitupi huko Amerika ya Kusini, ambalo ndilo asili ya neno letu nanasi. Jina kamili la leo, Ananas comosus, lilipangwa na Elmer Drew Merrill mwaka 1917. Ndiyo maana kwenye lebo utaandika (L.) Merr.: mabano humtaja aliyeanza, Linnaeus, na nje ya mabano ni aliyehamisha. Comosus maana yake ni mwenye nywele nyingi kichwani. Ni taji lile lile.

Spishi, na ngazi iliyo chini yake

Zamani waliorodhesha spishi kadhaa, na jirani mmoja akawekwa kwenye jenasi yake, Pseudananas. Mwaka 2003 wataalamu Coppens d'Eeckenbrugge na Leal walipunguza yote kuwa spishi mbili. Sababu yao ilikuwa kwamba zile za kwanza huzaana bila shida, na tofauti zake hazikatiki mahali pamoja. Wapo wataalamu wanaoendelea kuziandika kama spishi kamili, kwa hiyo kwenye daftari lako taja mpangilio wa nani unaufuata. Mimi hufuata huu wa 2003.

Spishi ya kwanza ya kutenga ni Ananas macrodontes, na ni rahisi. Tunda lake halina taji, au lina kijishungi kidogo mno. Mmea huzaana kwa matawi yanayotambaa ardhini, miiba ni mikubwa (jina lake ni la meno makubwa), na una kromosomu 100 pale nduguye anapokuwa na 50.

Kila kilichobaki ni Ananas comosus, chenye aina tano za kibotania. Aina ya comosus ndiyo ya mashambani, yenye tunda kubwa juu ya kikonyo kifupi kinene. Ananassoides ni ya porini: kikonyo kirefu chembamba, tunda dogo, ngumu kiasi. Parguazensis ni ya mabonde ya Orinoco na Rio Negro. Tazama kitako cha jani, hubanwa kidogo, na baadhi ya miiba yake hapo imeelekea nyuma. Erectifolius ina majani yaliyosimama, laini, yenye nyuzi imara. Watu wa Amazon wameilima kwa ajili ya kamba na machela ya kulalia. Bracteatus utaijua hata bila lenzi, kwa braktea ndefu nyekundu zinazolivika tunda zima.

Jaribio la mbegu

Limebaki jambo ambalo kisu hakikuonyeshi. Nanasi la shambani halina mbegu kwa sababu mmea hukataa chavua yake mwenyewe, na shamba zima huwa ni mmea mmoja uliogawanywa kwa machipukizi. Tunda hukua bila kurutubishwa. Porini kazi hiyo hufanywa na ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya nekta.

Ukiwa na aina mbili za shamba zisizo ndugu, zote zinachanua, chukua brashi ndogo asubuhi maua yakiwa wazi, uhamishe chavua kutoka moja hadi jingine. Maua huanza kufunguka chini kwenda juu kwa wiki kadhaa, hivyo una siku nyingi za kujaribu. Weka alama ya uzi kwenye macho uliyoyagusa. Tunda likiiva, kata yale macho tu. Mbegu utazikuta karibu na ganda, ndogo, ngumu, za kahawia, ndani ya vile vyumba vitatu ulivyovichora.