Kombe au brakiopoda? Namna ya kutambua kisukuku cha Tanga hadi kwenye jenasi

Wanaookota mawe ya chokaa Kiomoni, karibu na mji wa Tanga, wakiona gamba huliita kombe, basi. Mara nyingi wako sahihi. Lakini baadhi ni brakiopoda, wanyama wa baharini wenye magamba mawili ambao si jamaa ya kombe, na mfano wangu hapa ni Somalirhynchia, jenasi (kundi la spishi za karibu) iliyotoweka.

Mapango ya Amboni ni hifadhi, nyundo usiipeleke huko. Omba ruhusa kwa mwenye machimbo ya mawe, uokote vilivyokwisha banduka.

Hatua ya 1. Sugua kwa maji na mswaki mkuukuu. Siki na ndimu weka mbali: gamba ni kalisaiti, madini ya chokaa, kama jiwe lenyewe, vyote vitaliwa pamoja.

Hatua ya 2. Hii ndiyo yenye kazi, usiiharakishe. Shika kisukuku kidomo, yaani ncha iliyochongoka penye bawaba, kikiwa juu. Kwa kombe wa kawaida, gamba la kushoto na la kulia hufanana, ila kila moja peke yake limeenda upande. Brakiopoda ni kinyume: magamba mawili hayalingani, lakini kila moja ukiligawa kutoka kidomoni hadi ukingoni, nusu zake zinafanana. Tazama pia kama limefumba. Kombe akifa, kano ya bawaba huyafunua magamba. Brakiopoda hufungua kwa misuli, kwa hiyo akifa hubaki amefumba. Ndiyo maana brakiopoda huokotwa magamba yote mawili yakiwa pamoja.

Hatua ya 3. Gamba kubwa ni la tumbo. Kwenye kidomo chake tafuta tundu: hapo kilipita kikonyo alichojishikizia mwambani. Dogo ni la mgongo. Somalirhynchia ana mbavu nene zinazotoka kidomoni, na mbele gamba la mgongo limeinuka huku la tumbo likibonyea, hivyo ukingo umejikunja kama bati la paa. Mkunjo huo ulitenga maji: yaliingia pembeni, yakachujwa na minyiri (vikono laini vya kunasia chakula), yakatokea katikati.

Hatua ya 4. Oda. Chukua lenzi ya mara 10. Vitundu vidogo vidogo gamba zima, tena bila mbavu? Elekea Terebratulida, oda nyingine ya brakiopoda. Mbavu bila vitundu? Rhynchonellida, oda ya Somalirhynchia, ngeli ya Rhynchonellata, faila ya Brachiopoda.

Hatua ya 5. Jenasi. Hapa wengi hukurupuka. Rhynchonellida kwa nje wanafanana mno. Kinachowatenga ni vijiti viwili vya ndani vilivyobeba minyiri, yaani krura. Ili kuviona unasaga kisukuku kwa msasa kuanzia kidomoni, kidogo kidogo, ukichora kila uso mpya. Kikiisha kimeisha, kwa hiyo kwanza pima, piga picha, tengeneza nakala ya plasta. Kama unacho kimoja tu, usisage.

Umri nao uangalie. Mtaalamu wa visukuku Helen Muir-Wood aliipa jenasi hii jina mwaka 1935 kwa visukuku vya Somalia, na inajulikana zaidi kwenye Jurasiki ya mwisho, ilhali chokaa ya Amboni kwa sehemu kubwa ni ya Jurasiki ya kati. Kwa hiyo kwenye lebo andika “Rhynchonellida”, machimbo na tabaka ulipookota; jina la jenasi acha wazi mpaka uone krura.